Vita Vitatu vya Finland: Nani Alipigana na Nani, na Nani Alishinda

Tangu Finland ilipojiunga na NATO tarehe 4 Aprili 2023, historia ya askari wake imekuwa ikiibuka kila mahali ambako watu wanabishana kuhusu Urusi na Ukraine. Upande mmoja hudai kwamba nchi hiyo ndogo iliwahi kuishinda Urusi peke yake, na ushahidi unaoletwa huwa ni video fupi ya mdunguaji aliyevaa nguo nyeupe. Upande wa pili hujibu kwamba Wafini walikuwa watu wa Hitler, na ushahidi wake huwa ni picha ya ndege ya kivita yenye alama ya swastika. Kila upande una kipande cha ukweli, lakini vipande hivyo vimetolewa kwenye vita tofauti, vilivyopiganwa kwa sababu tofauti na vilivyokwisha kwa namna tofauti. Anayevichanganya vita hivyo hawezi kupata jibu sahihi, hata kama kila taarifa aliyonayo ni ya kweli.

Tuanze na majina. Vita vya Majira ya Baridi vilianza tarehe 30 Novemba 1939, Umoja wa Kisovieti ulipoishambulia Finland, vikaisha tarehe 13 Machi 1940, baada ya siku 105. Ikafuata miezi 15 ya amani yenye mashaka. Vita vya Mwendelezo vilipiganwa kuanzia Juni 1941 hadi Septemba 1944, dhidi ya Wasovieti wale wale, ila safari hii Finland ilikuwa bega kwa bega na Ujerumani ya Hitler. Wafini ndio waliovipa jina hilo, kwa hoja kwamba walikuwa wanaendeleza tu utetezi wa vita vya kwanza, hoja ambayo haiwezi kupita bila kuhojiwa. Vita vya tatu ni vya Lapland, kaskazini kabisa mwa nchi, kuanzia Septemba 1944 hadi Aprili 1945, na humo adui alikuwa Mjerumani aliyekuwa rafiki wa jana.

Jambo jingine la kuliweka wazi mapema ni aina ya jeshi tunalolizungumzia. Sehemu kubwa ya askari wa Finland walikuwa askari wa akiba, yaani raia waliopitia mafunzo ya lazima, wakarudi mashambani, viwandani na misituni, kisha wakaitwa hatari ilipokaribia. Vikosi vyao viliundwa kwa kufuata maeneo, hivyo majirani na ndugu walijikuta kwenye kikosi kimoja. Faida yake ni kwamba walijuana na waliijua nchi yao. Hasara yake ilionekana pale kikosi kimoja kilipopigwa vibaya na kijiji kimoja kikapoteza vijana wake kwa siku moja.

Chanzo cha ugomvi kiko kwenye ramani. Finland ilikuwa sehemu ya Sweden hadi 1809, ikawa chini ya mfalme wa Urusi hadi ilipojitangazia uhuru tarehe 6 Desemba 1917. Miezi michache baadaye ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Weupe, yaani wahafidhina waliopinga ujamaa, na Wekundu, yaani wajamaa wa tabaka la wafanyakazi, vilivyoua watu wapatao 37,000. Aliyewaongoza Weupe hadi ushindi alikuwa Carl Gustaf Emil Mannerheim, jenerali aliyekuwa ametumikia jeshi la mfalme wa Urusi kwa takriban miaka 30 na ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiswidi. Ndiye huyo huyo atakayekuwa amiri jeshi mkuu katika vita vyote vitatu.

Mpaka mpya kati ya Finland na Wasovieti ulipita kwenye shingo ya nchi ya Karelia, ukanda mwembamba kati ya Ghuba ya Finland na ziwa Ladoga, kiasi cha kilomita 32 tu kutoka Leningrad, mji ambao leo unaitwa St. Petersburg. Stalin aliona hatari: dola kubwa ikiamua kuupiga mji ule kupitia Finland, itakuwa imeshafika mlangoni. Tarehe 23 Agosti 1939 serikali yake ilitia saini mkataba na Ujerumani wa kutoshambuliana, wenye kiambatisho cha siri kilichogawana Ulaya ya Mashariki, na Finland ikaangukia fungu la Wasovieti. Katika mazungumzo ya vuli ile Moscow ilitaka mpaka usogezwe, visiwa kadhaa vya Ghuba ya Finland vikabidhiwe, na rasi ya Hanko ikodishwe kuwa kituo cha jeshi la majini. Kwa kubadilishana, Finland ingepewa eneo kubwa zaidi huko kaskazini, lakini la misitu na vinamasi. Wafini walikataa.

Wapo wanaosema kwamba Finland ingekubali ombi hilo, vita visingetokea. Hoja hiyo ina udhaifu mkubwa. Kwanza, Estonia, Latvia na Lithuania zilikubali vituo vya jeshi la Kisovieti katika vuli hiyo hiyo ya 1939, na kufikia Agosti 1940 zote tatu zilikuwa zimemezwa. Pili, siku moja baada ya uvamizi, Moscow ilitangaza serikali mpya ya Finland chini ya Otto Wille Kuusinen, mkomunisti wa Kifini aliyekuwa akiishi uhamishoni, na kuiweka katika mji mdogo wa mpakani wa Terijoki. Mtu anayetaka kusogeza mpaka kwa kilomita chache hana haja ya kuja na serikali nzima mfukoni.

Hesabu ya Moscow ilikuwa kwamba wafanyakazi wa Kifini, wengi wao watoto wa Wekundu walioshindwa mwaka 1918, wangempokea Kuusinen kwa vifijo. Hawakufanya hivyo. Walijipanga foleni pamoja na watoto wa Weupe kwenda mstari wa mbele, na Januari 1940 waajiri, ambao kwa miaka mingi walikuwa wamekataa, walikubali kuvitambua vyama vya wafanyakazi kuwa ni wabia wa mazungumzo. Huko nje, Umoja wa Mataifa wa zamani wa Geneva uliifukuza Sovieti uanachama tarehe 14 Desemba 1939. Ulikuwa uamuzi wa heshima usiokuwa na bunduki nyuma yake, kama Waethiopia walivyokuwa wameshajionea miaka michache kabla.

Sasa tuje kwenye mapigano yenyewe, maana hapa ndipo video zinapotoka. Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti, liliingia likiwa na vifaru, ndege na mizinga ambayo Finland haikuweza kufikia hata sehemu ndogo yake, lakini liliingia likiwa na ugonjwa wa ndani: miaka miwili tu kabla, Stalin alikuwa amewaua au kuwafunga maelfu ya maofisa wake wenye uzoefu. Waliobaki waliogopa kufanya uamuzi wowote ambao haujaandikwa. Majira ya baridi yale yalikuwa makali kupita kiasi, kipimajoto kikishuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri katika sehemu nyingi za mstari wa mbele. Mfini alivaa joho jeupe juu ya nguo zake, akapita msituni kwa skii, akalala kwenye hema lenye jiko la kuni. Msovieti, mara nyingi, alikuwa barabarani, maana magari na vifaru vyake havikuweza kupita pengine.

Mfano ulio wazi zaidi ni barabara ya Raate, karibu na Suomussalmi. Mwanzoni mwa Januari 1940, Divisheni ya 44 ya Kisovieti ilikuwa imetanda kwa kilomita nyingi kwenye njia nyembamba inayopita katikati ya msitu mnene. Vikosi vya Kanali Hjalmar Siilasvuo vilitokea ubavuni kwa skii, vikaweka vizuizi, vikaukata msafara vipande vipande, kisha kila kipande kikashughulikiwa peke yake. Wafini walilenga kwanza jikoni na kwenye moto wa kuotea, kwa sababu askari asiyekula chakula cha moto katika baridi ile hahitaji kupigwa risasi ili asalimu amri au afe. Kufikia tarehe 7 Januari divisheni ilikuwa imesambaratika, na kamanda wake, Alexei Vinogradov, akapigwa risasi na upande wake mwenyewe mbele ya askari waliosalia. Wale wanaotumia kisa hiki kuwabeza Warusi katika mabishano ya leo kuhusu Ukraine wangefaa kujua kwamba Divisheni ya 44 ilitoka Ukraine, na wengi wa waliogandia barabarani pale walikuwa Waukraine.

Tukio la Varolampi, usiku wa tarehe 10 Desemba 1939 karibu na Tolvajärvi, linaonyesha njaa ile kwa namna nyingine. Kikosi cha Kisovieti kilipenya nyuma ya mistari ya Wafini na kuwakuta wapishi wa kikosi cha mizinga wakiwa na masufuria ya supu ya soseji. Badala ya kuendelea kusonga, askari waliokuwa na njaa walisimama kula. Aaro Pajari, kamanda aliyekuwa karibu, akawakusanya wapishi, madereva na makarani, akawashambulia usiku ule ule kwa mapambano ya ana kwa ana yaliyofikia kuchomana visu. Wafini mpaka leo wanaviita Vita vya Soseji, kwa ucheshi ambao mgeni huchelewa kuuzoea.

Na yule mdunguaji? Jina lake ni Simo Häyhä, mkulima na mwindaji mfupi wa umbo, aliyejifunza shabaha katika mgambo wa kijijini kwao. Alipigana kwenye mto Kollaa, na rekodi za upande wake zinamhesabia zaidi ya maadui 500 katika muda usiofikia siku 100. Hakutumia darubini kwenye bunduki, kwa sababu darubini humlazimu mlengaji kuinua kichwa kidogo zaidi, kioo chake huganda kwa baridi na humeremeta juani. Alishindilia theluji mbele ya mtutu ili mlio usiitimue na kumfichua. Tarehe 6 Machi 1940 risasi ilimpasua taya, akazinduka tarehe 13, siku ambayo amani ilitangazwa. Aliishi hadi 2002. Yote hayo ni ya kweli, lakini kumfanya yeye kuwa maelezo ya vita nzima ni sawa na kuhadithiwa goli moja ukadhani umeona mechi, maana hatima ya vita hivyo haikuamuliwa na wadunguaji wala kwenye misitu ya kaskazini, bali kwenye shingo ya Karelia, kwa mizinga.

Huko Karelia kulikuwa na ule uitwao Mstari wa Mannerheim. Propaganda ya Kisovieti iliuchora kama ukuta wa zege usiopenyeka, ili kueleza kwa nini Jeshi Jekundu limekwama, na propaganda ya Finland haikuona sababu ya kukanusha. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ilikuwa mahandaki ya udongo na magogo, yenye ngome chache za zege zilizoachana mbali mbali. Semyon Timoshenko alipokabidhiwa uongozi, akawapanga upya askari wake na kuleta mizinga mingi zaidi, mstari ulipasuka karibu na Summa tarehe 11 Februari 1940. Kufikia Machi Wafini walikuwa wamechoka, risasi za mizinga zimekaribia kwisha, na adui anagonga mlango wa Viipuri, mji wao mkubwa wa mashariki. Waingereza na Wafaransa waliahidi msaada wa jeshi, lakini ulitakiwa upite Norway na Sweden, nchi ambazo zilikataa, zikijua vyema kwamba wakombozi hao walikuwa wanayapigia hesabu pia machimbo ya chuma ya Sweden.

Kwa hiyo Finland haikushinda Vita vya Majira ya Baridi. Ilitia saini masharti yaliyokuwa mazito kuliko yale iliyoyakataa: ikapoteza takriban sehemu moja ya kumi ya ardhi yake, pamoja na Viipuri, na ikaikodisha Hanko. Ilikuwa imezika askari wapatao 26,000 katika taifa la watu wasiofika milioni nne. Upande wa Sovieti, hesabu za kumbukumbu za Kirusi zinataja vifo vinavyokaribia 127,000. Kilichobaki mikononi mwa Wafini ni nchi yenye serikali yake, bunge lake na jeshi lake, na ukitaka kupima thamani ya hicho kilichobaki, watazame tena majirani wale watatu wa Baltiki.

Watu zaidi ya 400,000 waliokuwa wakiishi kwenye ardhi iliyokatwa walifungasha na kuondoka, karibu wote, bila kusubiri kutawaliwa na Sovieti. Miongoni mwao alikuwemo mtoto aliyezaliwa Viipuri mwaka 1937, Martti Ahtisaari, ambaye familia yake ilihamia Kuopio. Wasomaji wa umri fulani wa Dar es Salaam wanalifahamu jina hilo: aliteuliwa kuwa balozi wa Finland nchini Tanzania mwaka 1973, akajikita katika suala la uhuru wa Namibia, akawa rais wa nchi yake, na mwaka 2008 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel. Mwenyewe alikuwa akieleza kwamba kukulia katika ukimbizi wa ndani ndiko kulikompa hamu ya kazi ya usuluhishi.

Hapa ndipo tunapoingia kwenye sehemu ngumu. Tarehe 22 Juni 1941 Hitler aliivamia Sovieti, na vikosi vya Kijerumani vilikuwa tayari vimeshaingia kaskazini mwa Finland kwa ridhaa ya serikali. Ndege za Kisovieti zilipopiga mabomu miji ya Finland tarehe 25 Juni, Helsinki ilitangaza kwamba nchi iko vitani tena. Ndani ya miezi michache jeshi lilikuwa limerudisha Karelia yote iliyopotea, na wahamishwa zaidi ya 250,000 wakaanza kurudi kujenga upya nyumba zao. Kama vita vingeishia hapo, jina la Mwendelezo lisingekuwa na mgogoro.

Havikuishia hapo. Julai 1941 Mannerheim alitoa amri ya siku akiapa kutorudisha upanga wake alani mpaka Karelia ya Mashariki iwe huru, eneo ambalo halikuwahi kuwa la Finland. Jeshi likavuka mpaka wa 1939 na tarehe 1 Oktoba likauteka mji wa Petrozavodsk. Baadhi ya askari walikataa kuvuka mpaka huo wa zamani, wakisema hawakuitwa kwenda kuteka nchi ya watu, nao wakaadhibiwa. Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Finland tarehe 6 Desemba 1941, sikukuu ya uhuru wa Wafini. Marekani haikufanya hivyo hata mwisho.

Je, Finland ilikuwa mshirika wa Hitler? Serikali yake ilijiita mpiganaji mwenza: hakukuwa na mkataba wa ushirika uliotiwa saini, na kila nchi ilikuwa na madai yake dhidi ya adui mmoja. Chukua majirani wawili wenye kesi za viwanja dhidi ya mtu yule yule. Hawajaandikiana mkataba, lakini wanafika mahakamani siku moja kwa gari moja, na mmoja ndiye anayemlipia mwenzake wakili na kumnunulia chakula. Yule wa pili ana haki ya kusema kesi yake ni ya kwake. Hana haki ya kusema hamjui aliyekuja naye. Finland ilitegemea nafaka na silaha za Ujerumani, iliuachia uongozi wa Kijerumani mstari wa mbele wa kaskazini, na Novemba 1941 iliingia katika mkataba wa Ujerumani wa kupinga Ukomunisti wa kimataifa. Kwa maoni yangu, tofauti kati ya mshirika na mpiganaji mwenza ina maana katika sheria, lakini haitoshi kuwa kinga ya maadili.

Wakati huo huo, kuiita Finland nchi ya Kinazi ni kosa jingine. Bunge liliendelea kufanya kazi na chama cha Social Democrats kilikuwemo serikalini. Mamia ya Wayahudi wa Kifini walipigana katika jeshi hilo wakiwa raia wenye haki kamili, na karibu na mto Svir walikuwa na hema lao la sinagogi, pasipo umbali mrefu kutoka kwa askari wa Kijerumani. Wayahudi watatu, mmoja wao mwanamke wa huduma za wagonjwa, walitunukiwa nishani ya Msalaba wa Chuma na Ujerumani, wote wakaukataa. Lakini Novemba 1942 polisi wa usalama waliwakabidhi kwa Wajerumani wakimbizi wanane wa Kiyahudi wasiokuwa raia, na ni mmoja tu aliyesalimika. Mwaka 2000 Waziri Mkuu Paavo Lipponen aliomba radhi kwa kitendo hicho.

Yapo mengine ambayo video za kishujaa haziyagusi. Finland iliwateka askari wa Kisovieti wapatao 64,000 katika Vita vya Mwendelezo, na takriban 19,000 kati yao walikufa kambini, wengi kwa njaa na magonjwa katika majira ya baridi ya 1941 na 1942. Huko Karelia ya Mashariki raia wenye asili ya Kirusi walifungiwa kambini kwa maelfu, na maelfu kadhaa wakafa humo. Wapatao 1,400 walijitolea kwenda kutumikia kikosi cha SS, jeshi la chama cha Nazi cha Ujerumani, na ripoti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Finland ya mwaka 2019 ilihitimisha kwamba kuna uwezekano mkubwa baadhi yao walishiriki katika mauaji ya Wayahudi na raia wengine. Ni vyema kusema pia kwamba taarifa hizi zimetolewa na taasisi za Finland zenyewe.

Kuhusu Leningrad, mji uliozingirwa na Wajerumani na ambako mamia ya maelfu ya raia walikufa kwa njaa, Wafini walisimama karibu na mpaka wa zamani upande wa kaskazini na hawakuupiga mji kwa mizinga yao. Watetezi wao hulitaja hilo kwa fahari. Ila mzingo una pande, na upande wa kaskazini ulizibwa na wao.

Juni 1944 mambo yaligeuka. Jeshi Jekundu, ambalo sasa lilikuwa limejifunza kazi, lilishambulia Karelia kwa nguvu ambazo Wafini hawakuwa wameziona, na Viipuri ikaanguka tarehe 20 Juni. Ili kupata silaha za haraka za kupambana na vifaru, Rais Risto Ryti alimwandikia Hitler barua akiahidi kwa jina lake binafsi kwamba hatatafuta amani peke yake. Silaha zikaja, na katika mapigano ya Tali-Ihantala, makubwa kuliko yote yaliyowahi kupiganwa katika nchi za Nordiki, mashambulizi yakazuiwa. Kisha Ryti akajiuzulu, Mannerheim akawa rais tarehe 4 Agosti, naye akaieleza Ujerumani kwamba ahadi ya mtangulizi wake ilikuwa ya mtu, haikuwa ya nchi. Mapigano na Sovieti yalisitishwa mwanzoni mwa Septemba. Hila hiyo ilimgharimu Ryti mwenyewe: baada ya vita alihukumiwa kifungo cha miaka kumi kwa kuiingiza nchi vitani upande wa Ujerumani.

Masharti ya kusitisha mapigano yaliitaka Finland iwafukuze Wajerumani zaidi ya 200,000 waliokuwa Lapland, huku ikipunguza jeshi lake. Mwanzoni pande mbili zilielewana kimya kimya: Mjerumani anarudi nyuma, Mfini anamfuata kwa mbali. Moscow haikudanganyika. Wafini walipoteremsha askari mjini Tornio tarehe 1 Oktoba 1944, vita vikawa vya kweli, na Wajerumani chini ya Jenerali Lothar Rendulic wakaichoma Lapland walipokuwa wakiondoka kuelekea Norway. Rovaniemi, mji mkuu wa jimbo, ulibaki majivu na mabomba ya moshi. Mabomu ya ardhini waliyoyaacha yaliendelea kuua watu amani ilipokuwa imesharudi.

Picha ya ndege yenye swastika nayo ina maelezo yake. Tarehe 6 Machi 1918, mwanzoni kabisa mwa jeshi la anga la Finland, tajiri wa Kiswidi Eric von Rosen aliwapa Weupe ndege iliyochorwa swastika ya bluu, alama aliyoichukulia kuwa ni ya bahati njema. Ikawa alama ya jeshi la anga, miaka miwili kabla ya chama cha Hitler kuichukua, na iliondolewa kwenye ndege mwaka 1945. Kwa hiyo alama yenyewe si ushahidi wa Unazi. Hata hivyo, von Rosen huyo alikuwa shemeji wa Hermann Göring na baadaye akajihusisha na siasa za Kinazi nchini Sweden, na kamandi kuu ya jeshi la anga iliendelea kuitumia swastika kwenye nembo yake hadi ilipoiondoa bila tangazo karibu mwaka 2017. Mwanawe, Carl Gustaf, alikuwa mtu wa njia nyingine: aliendesha ndege ya Msalaba Mwekundu Ethiopia wakati wa uvamizi wa Italia, akaipigania Finland akiwa mfanyakazi wa kujitolea katika Vita vya Majira ya Baridi, na akauawa Gode, Ogaden, mwaka 1977 akiwa katika kazi ya misaada.

Hadithi nyingine inayosambaa ni kwamba Wafini ndio waliobuni bomu la chupa ya petroli. Lilikuwa limeshatumika katika vita vya Hispania. Walichokifanya Wafini ni kulipa jina la Molotov, waziri wa Kisovieti, kwa dhihaka, na kulitengeneza kiwandani: kiwanda cha kampuni ya pombe ya serikali huko Rajamäki kilijaza zaidi ya chupa 500,000. Na si sahihi kudhani kwamba vita hivyo vilikuwa vya wanaume peke yao. Shirika la wanawake la Lotta Svärd, lenye wanachama zaidi ya 200,000, liliendesha majiko, hospitali, simu na vituo vya kuchungulia ndege, hadi lilipovunjwa mwaka 1944 kwa matakwa ya Sovieti. Watoto wapatao 70,000 walipelekwa nje, wengi Sweden, na maelfu hawakurudi tena.

Kwa vita vyote vitatu Finland ilipoteza askari wapatao 90,000. Tofauti na majeshi mengi, iliwarudisha marehemu nyumbani kila ilipowezekana, ndiyo maana kando ya karibu kila kanisa la mji au kijiji kuna safu za makaburi ya askari wa hapo hapo. Nchi ililipa fidia ya dola milioni 300, kwa meli, mashine na bidhaa, ikamaliza mwaka 1952. Wahamishwa wa Karelia, waliolazimika kukimbia kwa mara ya pili, walipewa ardhi kwa sheria ya 1945 iliyomega mashamba ya serikali, ya makampuni na ya wenye nacho.

Hilo ndilo jeshi na ndiyo kumbukumbu iliyo nyuma ya uamuzi wa 2022 wa kuomba uanachama wa NATO. Kwa miongo mingi Finland ilikuwa imekaa nje ya jumuiya hiyo, ikifungwa na mkataba wa urafiki na Sovieti wa mwaka 1948 na baadaye kwa hiari yake, lakini haikuwahi kuacha utumishi wa lazima jeshini, hata nchi nyingi za Ulaya zilipoufuta baada ya Vita Baridi. Ina askari wa akiba wapatao 900,000, ambao 280,000 kati yao wanaweza kuitwa mara moja, na mpaka wa kilomita zipatazo 1,340 na Urusi. Mwaka 2025 bunge lake liliidhinisha kujitoa katika mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini, uamuzi uliopingwa na mashirika ya misaada na kuungwa mkono na wabunge wengi, wakiwemo wa majimbo ya mpakani.